Shabaha ya Mgomba

Nani kati yetu, katika vijiji vya Kasongo au vya Kabambare, hajapata kuliona jambo hili? Mtoto wa kiume wa miaka minane au tisa amekata kijiti, amekikunja, amekifunga uzi, kisha ametwaa matete matatu kuwa mishale yake. Mchana kutwa azunguka nyuma ya nyumba akitafuta kitu cha kupiga. Kwanza aupiga mpapai. Kisha amwinda mjusi. Mwishowe, kwa kuwa mpapai haukimbii wala mjusi hapatikani, ampiga kuku wa jirani. Jirani aja na kuku mkononi, baba akasirika, na upinde watupwa motoni. Siku ya pili, kabla jua halijapanda, upinde mwingine umekwisha kuchongwa.

Baba huyo hakukosa kukasirika, maana kuku wa watu si mchezo. Lakini alichoma kitu kisicho na kosa. Upinde haukumchagua kuku. Mtoto ndiye aliyemchagua, na alimchagua kwa sababu hapana mtu aliyempa kitu kingine cha kulenga.

Basi leo twataka kuzungumza na wazazi, na walimu, na vijana wenyewe, juu ya shabaha: ile alama ambayo mpigaji huitazama kabla hajauachia mshale. Shabaha njema haitaki fedha. Yataka panga, na saa moja ya nafasi, na mtu mzima anayeyajua mambo mawili: ni kitu gani mtoto akitazame mbele yake, na ni kitu gani kilichoko nyuma ya kile anachokitazama.

Hofu ya wazazi

Najua wako wazazi watakaosema: "Hapa kwetu tumekwisha kusikia milio ya kutosha. Kwa nini tumfundishe mtoto kulenga?" Neno lao si la kudharauliwa. Nchi yetu ya Maniema imeijua bunduki kwa muda mrefu. Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip na ambaye Kasongo ulikuwa mji wake mkuu huku bara, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na humo alieleza ya kwamba jina lile lilitokana na mlio wa bunduki zake. Tarehe 22 Aprili 1893 mji wa Kasongo ulitwaliwa na majeshi yaliyoongozwa na Dhanis, nayo pia yalikuja kwa bunduki. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulifika Maniema. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2003 vita viwili vilipita juu yetu, na hata baada ya hapo makundi yenye silaha hayakukoma katika sehemu za Kabambare.

Katika vita hivyo watoto hawakuachwa nje. Wengi katika mashariki ya Kongo walipewa bunduki kabla sauti zao hazijavunjika. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga kifungo cha miaka 14 kwa kosa la kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia katika mapigano ya Ituri. Na sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009, ile ya ulinzi wa mtoto, yakataza kumwingiza mtoto katika jeshi au katika kundi lolote lenye silaha.

Kwa hiyo mzazi anayeogopa ana haki ya kuogopa. Lakini na atazame vizuri. Mtoto wa kiume hangoji ruhusa yetu ili aanze kulenga. Atarusha jiwe, atavuta manati, atakunja kijiti. Tusipomwonyesha kitu cha kulenga, atajitafutia mwenyewe, na tumekwisha kuona alichokipata: kuku, mjusi, au ndege aliye juu ya kiota chake. Siku moja huenda ikawa mgongo wa mwenzake. Anayemfundisha mtoto kulenga vema amfundisha pia mambo ambayo hayalengwi hata siku moja. Yule asiyefundishwa ndiye wa kumwogopa.

Tena kulenga si jambo la vita tu. Karibu na ziwa Eyasi, katika Tanzania, Wahadza huwapa wana wao pinde ndogo wangali wadogo sana, na watoto hao hushinda wakijizoeza kupiga shabaha, maana kesho watawalisha jamaa zao kwa mikono hiyo. Wanyarwanda wanao mchezo wao wa zamani wa kushindana kwa mishale, uitwao kumasha. Nao wanafunzi wa dini wakumbuke Kitabu cha Kwanza cha Samweli, pale Yonatani alipokwenda uwandani kama mtu anayepiga shabaha, pamoja na mtoto wa kumwokotea mishale. Katika siku ile mishale yake haikumdhuru mtu. Ilichukua habari ya kumwokoa rafiki.

Huko Ubelgiji upinde ungali mchezo wa vijiji hata leo. Vyama vya wapiga mishale huusimamisha mlingoti mrefu wa karibu mita 28, na juu yake huweka ndege wadogo wa kutengenezwa, wenye manyoya. Wapigaji hupiga kuelekea juu kwa mishale isiyo na ncha kali, na anayemwangusha ndege amepata. Mbelgiji Hubert Van Innis alijipatia medali sita za dhahabu na tatu za fedha katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1900 na ya mwaka 1920, na katika ile ya pili alikuwa mtu wa miaka 54. Sisi tusiuige mlingoti ule, kwa kuwa mshale uliopanda hauna budi kushuka, wala hatuna mapaa ya kuwafunika watu. Lakini tuige jambo moja: ndege wanayempiga si ndege mwenye uhai.

Namna ya kuifanya

Katika nchi yetu hakuna kitu kinachofaa kwa kazi hii kuliko mgomba. Kila mkulima ajua ya kwamba shina la mgomba huzaa mkungu mmoja tu. Mkungu ukiisha kukatwa, shina lile limemaliza kazi yake, na machipukizi yaliyo kando ndiyo yatakayoendelea. Shina hilo si mti. Ni maganda ya majani yaliyofungamana, yenye vyumba vidogo vilivyojaa maji na hewa. Mshale huingia taratibu na kushikwa, nao huchomolewa bila kuvunjika.

Kata vipande vitatu vya shina, kila kimoja chenye urefu wa mita moja. Visimamishe bega kwa bega, na uvifunge kwa kamba za mgomba wenyewe zilizokauka. Pigilia vigingi viwili nyuma, vigingi viwili mbele chini, ili visianguke. Sasa unao ukuta mdogo wenye upana wa sentimita 60 au zaidi. Kwa mkaa chora duara kubwa, ndani yake duara la kati, na ndani ya hilo duara dogo lenye upana wa kiganja. Duara dogo lipake udongo mweupe, lipate kuonekana. Kazi imekwisha, na hukutoa hata faranga moja.

Lakini shika maonyo mawili. La kwanza, usikate mgomba ambao haujazaa. Chakula cha watu hakigeuzwi mchezo. La pili, usichukue shina la mgomba unaougua ule mnyauko unaoozesha ndizi kabla ya wakati, na ambao ukiukata hutoka utomvu wa manjano. Ugonjwa huo umekwisha kuharibu migomba mingi katika mashariki ya Kongo, nao husafiri kwa panga na kwa vipande vinavyobebwa kutoka shamba hadi shamba. Panga lililogusa mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine.

Shabaha ya mgomba hudumu siku chache, kisha hukauka au kuoza. Usihuzunike. Itupe chini ya migomba iliyo hai, nayo itakuwa mbolea. Anayetaka shabaha ya kudumu zaidi na atumie majani makavu ya mpunga, ambayo Kasongo haikosi baada ya mavuno. Sokota kamba nene kama mkono wa mtu mzima, uizungushe kama mama azungushavyo ukili anapoanza mkeka wa mviringo, na kila mzunguko uushone kwa ule uliotangulia. Ikifika upana wa sentimita 80 inatosha. Ikiwa ni nyembamba, shona ya pili na uziweke mbili pamoja. Iliyo rahisi zaidi ni gunia kuukuu lililoshindiliwa majani ya mpunga na matambara mpaka likawa gumu. Ukiitunza isinyeshewe, yaweza kuvuka kiangazi kizima.

Vijana wakiisha kuizoea shabaha iliyosimama, wapeni inayotembea. Funga gunzi la hindi au kibuyu kilichopasuka kwa uzi, ukitundike tawini mbele ya gunia lile, na upepo utakuwa mwalimu. Au kata shina la mgomba vipande vya mviringo vyenye unene wa kiganja, uvibiringishe katika uwanja wenye mteremko mdogo. Anayebiringisha asisimame mbele, wala pembeni mwa shabaha. Na asimame katika mstari mmoja na wapigaji, aisukume iende mbele mbali nao, ili wote wapige upande mmoja tu.

Mishale nayo iwe ya mchezo. Tete gumu au kijiti kilichonyoka, kilichochongwa ncha bila chuma, kinatosha kuingia katika mgomba. Mshale wa windo wa babu usiguswe. Una chembe ya chuma, na huenda ikawa na sumu ya zamani.

Juu ya manati neno letu ni fupi. Mahali pa mawe, finyangeni vidonge vya udongo, mvianike juani; vikipiga huvunjika wala havirudi kwa kasi. Mahali pa chupa, tundikeni majani makavu ya mgomba kama pazia, na mbele yake gunzi la hindi. Chupa ikivunjika leo itakata mguu wa mtoto mwingine kesho. Lakini liko onyo kubwa kuliko hilo. Askari wa vita vile walipita mashambani mwetu, na si vyote walivyovibeba walivyoondoka navyo. Chuma chochote usichokijua, kilichookotwa shambani au kando ya njia, si shabaha. Kisiguswe, kisipigwe jiwe, kisibebwe kwenda nyumbani. Rudi kwa nyayo zako, uwazuie wenzako, umwarifu mkuu wa kijiji.

Mbele ya shabaha

Tumesema ya kwamba mtu mzima yampasa kujua mambo mawili. La kwanza ni lile mtoto analolitazama.

Chora duara, chora jani, chora nyota. Usichore mtu. Vijana wengine hufanya hivyo kwa kicheko: wachora kichwa, wachora macho, kisha wampa jina la mwenzao ambaye hawapatani naye. Mzazi akiona hivyo asicheke pamoja nao. Jicho hujifunza kwa kurudia. Mtoto aliyerudia mara mia kulitazama duara jeupe amejifunza kutulia. Yule aliyerudia mara mia kuutazama uso wa mtu na kuachia mshale amejifunza jambo jingine, na katika nchi hii tumekwisha kuwaona wanaolijua jambo hilo. Katika Michezo ya Olimpiki, ambako wapigaji hodari wa dunia hukutana, shabaha ya mishale ni duara tupu lenye upana wa sentimita 122, likiwekwa mita 70 mbali, na kitovu chake ni sentimita 12 na kidogo. Hakuna uso wa mtu pale, wala hakuna anayelalamika kwamba mchezo hauna utamu.

Vivyo hivyo isiwe shabaha kitu chochote chenye uhai: mbuzi, kuku, mbwa, ndege. Windo ni kazi ya wakubwa, ina wakati wake na sheria zake. Mchezo ni mchezo.

Nyuma ya shabaha

Jambo la pili laonekana dogo, nalo ndilo linaloyatoa macho ya watoto. Mshale uliokosa hausimami pale uliposhindwa. Waendelea na safari yake. Basi, kabla hujauliza, "Shabaha iko wapi?" uliza, "Nyuma yake kuna nini?" Ikiwa kuna njia ya kwenda mtoni, hapafai. Ikiwa kuna nyumba ya miti na udongo, hapafai, hata kama mlango umefungwa. Ikiwa kuna majani marefu, hapafai, maana hujui ni nani aliyeinama humo akiokota kuni.

Mwenyezi Mungu ametupa ukuta usio na bei, nao ni kichuguu. Katika mbuga za kusini mwa Maniema vichuguu vikubwa havikosekani. Shabaha ikiegemezwa hapo, mshale uliokosa huishia katika udongo. Pasipo kichuguu, tafuta ukingo wa udongo uliochimbwa na wafyatua matofali. Usiegemeze shabaha penye jiwe wala penye ukuta wa matofali, kwa kuwa mshale huruka na kurudi.

Kisha ziwepo kanuni, nazo ziwe chache ili zishikwe. Wapigaji wote wasimame katika mstari mmoja uliochorwa ardhini. Wanaongoja zamu wasimame nyuma ya mstari. Mtu mmoja, mwalimu au kijana mkubwa, ndiye anayetoa amri ya kupiga na amri ya kwenda kuokota. Hapana aendaye mbele mpaka pinde zote zimelazwa chini. Hapana kupiga kuelekea juu. Anayevunja kanuni moja aketi chini mpaka mchezo uishe, hata akiwa mwana wa mwalimu. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Na jicho lililotobolewa halirudishwi na majuto ya mtu yeyote.

Mishale ina maneno

Watoto wadogo waanze hatua tano tu kutoka shabahani, wakubwa hatua kumi, na walio hodari kumi na tano au ishirini. Wasichana nao wapewe zamu. Katika Michezo ya Olimpiki wanawake walishindana kwa upinde tangu mwaka 1904. Kila mmoja apige mishale sita. Duara dogo lihesabiwe alama tano, la kati tatu, kubwa moja. Mwalimu aweza kuwaandikisha katika madaftari, na hesabu za kujumlisha ambazo darasani huwaletea usingizi, hapo huzifanya kwa furaha.

Lakini wasihesabu tu. Wafundishwe kuisoma shabaha. Tuseme mishale sita ya mtoto mmoja imekaa pamoja, yote upande wa kushoto, hata mmoja haukufika kitovuni. Na mishale ya mwenzake imetawanyika huku na huko, lakini mmoja kwa bahati umekipata kitovu. Nani ni bora? Watoto watapiga kelele: wa pili! Sivyo. Wa kwanza ana mkono uliotulia, ila jicho lake linapotoka kidogo. Asogeze jicho lake kuelekea kulia, na kesho yote sita itakuwa kitovuni. Wa pili hana kosa moja la kurekebisha. Ana mkono ambao kila mara wafanya jambo jingine, na kitovu alichokipata leo hawezi kukirudia kesho.

Hilo ni somo ambalo mtoto atakwenda nalo mbali kuliko uwanja wa mishale. Anayekosea kwa namna moja aweza kuonyeshwa kosa lake na kuliacha. Anayepata kwa bahati hujiona mjuzi, na hapo hapo huacha kujifunza.

Wazazi wapenzi, turudi sasa kwa yule baba na upinde wake uliochomwa. Jioni hii mwana wake angali na upinde wa pili, ameuficha chini ya paa la jiko. Na amwite. Asiulize ni wapi alipouficha, bali amwambie auchukue, kisha waende wote wawili mpaka kwenye mgomba uliokatwa mkungu wiki hii. Wakate vipande vitatu. Wavisimamishe mbele ya kichuguu. Baba achore duara. Na kabla ya mshale wa kwanza amuulize mwanawe swali moja: "Mwanangu, nyuma ya pale kuna nini?"

Mtoto aliyezoea kulijibu swali hilo kila siku, kuku wa jirani hana haja ya kumwogopa. Wala majirani wenyewe.